Mwalimu wa Sungura

Mwaka wa 1998, nikiwa na miaka thelathini na minne, taabu ya vita ilianza. Treni ikasimama, chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana, na mimi niliyekuwa na meza ya nyama sokoni hapa Kindu nikabaki na kisu, baiskeli na mke. Na watoto, ndiyo. Nataja kisu kwanza kwa sababu kisu ndicho kilichotulisha. Shule nilifika darasa la tatu, nikatoka, sikurudi hata kuchungulia dirishani. Vyote nilivyo navyo nimevitafuta kwa mikono hii. Kwa hiyo mtu wa vitabu hanitishi, wala hanivuti. Namtazama kwanza.

Huyu nilimtazama miaka mingi, na bado sijamaliza.

Tulimwita Mwalimu. Jina analo, lakini halikuwa na kazi mdomoni mwetu. Alitoka wapi, baba yake nani, sikuuliza; wakati ule kumuuliza mtu asili yake ilikuwa kama kumpekua mifuko. Alifundisha biolojia mpaka shule ikakosa wa kuwalipa walimu. Wenzake wakaenda kulima, wakaenda mji wa Kama kuchimba dhahabu. Yeye akaanzisha kitu chake. Kila vakansi kubwa, likizo ile ndefu ya mvua zikishakata, alikusanya vijana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, kumi na sita, akawaweka ndani ya nyumba kubwa tupu iliyoachwa karibu na reli. Walilala humo, walikula humo. Wengine walifika kwa miguu kutoka Kibombo, wengine Pangi. Mpaka vakansi iishe, hakuna kutoka. Sisi wazazi tulileta mchele, sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, tukapokelewa langoni, tukarudishwa langoni. Ndani walifundishwa mwili wa mtu: moyo, mapafu, damu, mtoto anavyolala tumboni mwa mama yake.

Sasa fikiri. Mjini kuna wenye bunduki. Ng'ambo ya mto, msituni, kuna wenye bunduki wengine. Vijana wanapotea njiani wakienda kuchota maji. Halafu mtu mmoja, bila mke anayejulikana, anakusanya vijana wa watu ndani ya nyumba yenye ukuta na kufuli. Wewe ungesema ni mtakatifu? Mimi nilisema huyu ana mnunuzi.

Binti yangu Zaina ndiye aliyenisumbua. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu shule ifungwe alikaa akisoma hata karatasi za kufungia sabuni.

"Baba, uniache niende kwa Mwalimu."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kusoma mwili."

"Mwili unao. Usome huo."

Mama Zaina akaingilia kutoka jikoni: "Umuache mutoto. Hapa atafanya nini, atafundisha mende?"

Nilikubali kwa sharti moja. Mwalimu alihitaji mbuzi wa kuwaonyesha watoto, na wengi wa watoto wale ni Waislamu kama sisi, hawali nyama iliyokufa ovyo. Nikamwambia: mbuzi nitawaleta mimi kutoka Kibombo kwa baiskeli, wazazi watachanga, na nitachinja mimi, hapo hapo ndani ya ukuta. Akakubali haraka mno. Nikaiweka moyoni hiyo haraka. Nilichotaka ni mambo mawili: mtoto wangu atoke mzima, na atoke na karatasi inayosema amesoma. Kisu kilikuwa tiketi yangu ya kuingia kumtazama.

Na niliona mambo.

Kwanza, mwalimu wa damu alikuwa anaogopa damu. Nikimlaza mbuzi, nikielekea kibla, Mwalimu anageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, mikono nyuma, mpaka miguu ya mnyama itulie. Ndipo anageuka, uso umechangamka, anakunja mikono ya shati na kuingiza mikono ndani ya kifua mpaka viwikoni. Nilimwuliza siku moja:

"Mwalimu, unaogopa akiwa na uhai, unafurahi akiwa maiti. Hiyo njo tabia gani?"

"Baba Zaina, akikufa hanidai kitu."

Alisema hivyo akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mtoto humo ndani.

Pili, njaa. Mjini watu walikuwa wanalala na uji wa maji matupu, na huyu anatandaza mbuzi mzima juu ya mlango uliong'olewa, umewekwa juu ya matofali, na watoto wenye njaa wamesimama kuzunguka, hakuna anayekula. Usemi wake ulikuwa: "Tunasoma kwanza, kisha tunakula." Kila kiungo kinashikwa, kinainuliwa, kinarudishwa mahali pake. Maini yakipita mbele yao unaona koo za watoto zinapanda na kushuka. Halafu kila mmoja anachukua kipande alichokisoma, anakwenda kukipika. Kama hukueleza moyo vizuri, moyo huli. Zaina mwaka wa kwanza alikula utumbo tu. Mwaka wa pili alianza kula figo.

Tatu, ile sheria yake ya mdomo. Mtoto akisema "najua," anaosha masufuria. Akisema "naona," anaendelea. Mtoto wa Pangi, mwerevu sana, alimaliza vakansi nzima mikono imejaa masizi kwa ajili ya neno moja. Nilifikiri ni kiburi cha mwalimu asiyetaka kupitwa. Nilifikiri pia: mtu anayewazoeza watoto kutokusema wanachokijua, anawaandaa kwa kazi gani?

Nne, Ijumaa. Ijumaa adhuhuri sisi wote tuko msikitini. Mama Zaina alikuwa mtoni anafua, akamwona Mwalimu anapanda mtumbwi na mfuko begani, anavuka kwenda Alunguli. Ijumaa iliyofuata, tena. Wakati huo Alunguli ukienda mbele kidogo unaangukia mikononi mwa wale wa msituni. Mtu wa mjini hakuvuka kwa kupenda.

"Anaenda kuuza batoto," nikamwambia mke wangu.

"Anawauza wakiwa mu mfuko?"

"Anapatana bei kwanza."

Nikamwuliza mwenyewe. Akasema anakwenda kumjulia hali shangazi yake. Kila Ijumaa shangazi. Shangazi gani huyo anayeumwa kwa ratiba ya msikiti?

Nitaeleza sasa habari ya bluzi, maana hapo ndipo nilikaribia kumtoa mtoto wangu kwa nguvu.

Hapa kwetu mtoto akimaliza jambo, hatoki kimya. Anavalishwa, anapakwa poda usoni, anatembezwa barabarani kwa nyimbo, watu waone. Ndiyo desturi, iwe vita, isiwe vita. Vakansi ya pili ilipokaribia kuisha, akina mama wakakaa chini wakapanga siri. Wakatafuta kitambaa cheupe: mifuko ya unga ya msaada, mapazia, nguo za ndani za zamani. Mama Zaina akatoa shuka yake ya ndoa, pamba safi, aliyokuwa ameifunga na majani ya mchaichai tangu tulipooana. Wakashona bluzi nyeupe, zile ndefu za waganga wa hospitali, moja kwa kila mtoto. Siku ya kufunga wakafika langoni na ngoma ndogo na vigelegele. Watoto wakavaa. Zaina alipovaa ile ya shuka, mimi mwenye roho ngumu nilitazama pembeni.

Mwalimu akatoka ndani. Akaona. Sijapata kumwona mtu anabadilika rangi namna ile. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa ambalo watoto walikandia udongo mwekundu wa kuzibia ukuta, akaanza kuwavua bluzi mmoja mmoja, anazitumbukiza zote kwenye tope na kuzikandamiza kwa fimbo. Hakupiga kelele. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Ile njo shuka yangu ya ndoa," Mama Zaina akasema.

"Mama, nyekundu haionyeshi uchafu."

Ndivyo alivyomjibu. Akina mama wakalia kama kwenye msiba. Mwalimu akawatoa watoto kwa mlango wa nyuma, wawili wawili, kila wawili njia yao, wamevaa nguo za shamba. Na karatasi? Nilimfuata mpaka chumbani kwake.

"Mwalimu, brevet ya mutoto wangu iko wapi?"

"Hakuna brevet."

"Basi watu watajuaje amesoma?"

"Umuache akae mu mlango wa nyumba yako. Wagonjwa watapita, utajua."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Mke wangu hakumsalimia tena tangu siku ile. Akimtaja alisema, "yule aliyekula shuka yangu."

Haikupita wiki, waganga wawili na muuguzi mmoja walichukuliwa mchana mbele ya hospitali, bluzi zao zikiwa mwilini, wakapandishwa kwenye gari na wenye bunduki wa mjini. Mstari wa mbele ulikuwa na majeruhi wengi na mikono michache ya kuwatibu. Mmoja alirudi baada ya muda mrefu. Wengine sijui. Na wale wa msituni nao walikuwa wanatafuta vilevile. Kijana aliyejua kushona kidonda alikuwa na thamani kuliko sanduku la risasi.

Utasema hapo nikamwelewa Mwalimu. Nilielewa kwa nini hakutaka bluzi. Lakini akili yangu ni ya sokoni. Mtu anayeficha mali vizuri, anaweza kuwa anailinda. Anaweza pia kuwa anamwekea mnunuzi wake.

Vakansi iliyofuata Zaina alirudi kwake. Ndiyo, nilimwachia. Alikuwa ameshamzalisha mke wa jirani, mtoto akatoka mguu mmoja mbele, wote wawili wakaishi, na jirani akaniletea kuku. Lakini nilikwenda na kisu changu kama kawaida.

Ndiyo vakansi aliyoingia Komanda, mkubwa wa wenye bunduki wa mjini.

Nilikuwa nimemaliza kuchinja. Mbuzi yuko juu ya mlango, kifua wazi, Mwalimu ndiyo kwanza amegeuka kutoka ukutani. Zaina ameshika bua la jani la mpapai, lile lenye tundu, amelichomeka kwenye koromeo la mbuzi, anapuliza. Mapafu yanajaa, yanapanda kama mkate, watoto wote wameinama. Mara lango limesukumwa. Komanda na askari wawili.

"Munafundisha nini hapa?"

Mwalimu hakuvuta hata pumzi. "Sungura, Komanda. Tunafundisha batoto kufuga sungura."

Na kweli, pembeni ya ukuta kulikuwa na vibanda vya sungura. Nilikuwa nimeviona siku zote nikadhani ni kwa ajili ya kula.

"Na hii?"

"Hii njo mbuzi. Sungura bado badogo."

Askari mmoja akacheka. Komanda hakucheka. Akamwendea Zaina, akamnyooshea kidole kwenye bua.

"Weye mutoto, unafanya nini na kinywa chako mu mbuzi?"

Kila mtoto pale aliweza kujibu swali hilo kwa jina la kila mshipa. Nilimwona yule wa Pangi anameza mate. Hakuna aliyefungua mdomo. Zaina akatoa bua, akajipangusa, akaangalia chini kama mjinga wa kuzaliwa.

"Sijue, Komanda. Baba njo alinituma."

Basi nikaingia. "Ni mutoto wangu. Miye njo mwenye kuchinja. Tunapuliza hewa ngozi itoke bepesi. Anajifunza kazi ya nyama."

Hilo la ngozi ni kweli kabisa, wachinjaji tunapuliza. Ila tunapuliza chini ya ngozi, mguuni, si kwenye koromeo. Komanda angekuwa amechinja hata mara moja maishani mwake, tungekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kula tu. Akatazama mapaja ya mbuzi.

"Mbuzi mwenye mafuta."

"Ametoka Kibombo," nikasema.

Wakaondoka na mapaja yote na bega moja. Lango likafungwa. Mwalimu akakaa chini pale pale penye damu, yeye anayeiogopa. Watoto hawakujua waangalie wapi.

"Mwalimu," nikamwambia, "unadanganya bepesi sana."

"Na weye pia, Baba Zaina."

"Miye nimedanganya askari. Weye unadanganya na nani tena?"

"Weye unaingia hapa na kisu. Nitakudanganyaje?"

Hilo si jibu. Nililisema wakati ule, nalisema leo. Mtu anayemdanganya mwenye bunduki usoni bila kupepesa, mchinjaji wa Kindu atamshinda nini? Na Ijumaa iliyofuata alivuka tena.

Lakini tusimfanye jiwe. Alikuwa na viatu visivyo na soli, unavyoviona kwa juu kama vya bwana mkubwa, kwa chini nyayo zake zinagusa ardhi. Aliwapiga watoto marufuku kula bila kunawa, na yeye mwenyewe alikula karanga toka mfuko uliojaa chaki. Aliimba vibaya. Mtoto wa kike akipata siku zake kwa mara ya kwanza mle ndani, alisimamisha somo lolote na kulifanya hilo kuwa somo, mbele ya wavulana, na mvulana aliyecheka aliosha masufuria. Mambo hayo wazazi wengine waliyaona ni matusi. Mimi, nasema kweli, nilinyamaza, kwa sababu Zaina aliporudi nyumbani alimfundisha mama yake vitu ambavyo mama yake alikuwa akiviogopa tangu ujana.

Vita ikapoa. Zaina akaomba shule ya uuguzi. Wakamwuliza karatasi. Hana. Akawaeleza alisoma kwa Mwalimu wa sungura, wakamwuliza sungura ni ugonjwa gani. Alianza upya chini kabisa, pamoja na watoto waliokuwa wakinyonya wakati yeye anashika figo. Miaka ilipotea hapo. Hilo nilimwandikia Mwalimu rohoni kama deni, na sikulifuta. Leo Zaina ni mzalishaji wa akina mama huko Kibombo, wanamwita hata kwa vijiji vya mbali. Karatasi anayo sasa, lakini ya watu wengine.

Kiangazi kilichopita mambo yakarudi mlangoni kwangu. Binti wa Zaina, Mariamu, anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Ana miaka kumi na mitano. Akaja na habari: vijana waliomaliza udaktari wanafungua kambi ya vakansi mjini, mambo ya uganga wa hospitali na biolojia, watoto watalala huko huko, watachagua wachache. Yeye amechaguliwa. Kuna mashine za kukuza vidudu vionekane, zinazotumia umeme. Na kila mtoto siku ya kwanza atapewa bluzi nyeupe, yenye jina lake kifuani.

"Jina kifuani?" nikauliza.

"Ndiyo, Babu. Limeshonwa na uzi wa bluu."

Sikulala vizuri. Nyumba, ukuta, vijana, kufuli. Na safari hii jina kabisa, ili wasipoteze muda kutafuta. Zaina akapiga simu akasema mwache. Mama Zaina akasema mwache. Nikasema nitamwuliza kwanza mtu anayejua uongo wa kazi hiyo.

Mwalimu bado yuko hai. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, macho yameingia ukungu, amezungukwa na vibanda. Sungura kila mahali. Wa kijivu, weupe, wa mabaka.

"Salaam aleikum. Mwalimu, njo unafuga kweli?"

"Baba Zaina. Uongo wangu njo unanilisha sasa. Ukae."

Nikakaa. Nikamweleza habari ya Mariamu. Alisikiliza akimpapasa sungura mmoja masikio. Akauliza swali moja tu.

"Bluzi wanavaa saa ngapi?"

"Mchana. Watapita nazo mpaka barabarani, na nyimbo."

"Na hakuna mutu anawafukuza?"

"Watu wanapiga picha."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi umupeleke."

Nikaona nisiondoke na mzigo wa swali lile la zamani. "Mwalimu, sisi ni wazee. Alunguli ulikuwa unafanya nini? Usiniambie shangazi."

Akamrudisha sungura kibandani. "Wale wa msituni walisikia niko na batoto wenye mikono mizuri. Walitaka watano. Nikawaambia hao ni wa sungura, mwenye mikono iko miye tu. Wakasema basi, ukuje weye, kila juma, siku watu hawaoni."

"Weye unaogopa damu."

"Njo maana nilikuwa nageukia ukuta. Najizoeza kwanza kusikia tu, nisikimbie."

"Na bluzi?"

"Pamba nzuri, ile. Nilizichana, nikafunga vidonda vya miguu ya watu."

"Watu gani?"

"Wenye miguu."

Sasa, nimemwamini? Hakuna shahidi. Alunguli ile ya wakati ule imekufa na watu wake. Angeweza kuwa anajipamba uzeeni, kama tunavyofanya wote. Lakini nilihesabu watoto kichwani, wote niliowachinjia mbuzi, mmoja mmoja, yule wa Kibombo, yule wa Pangi aliyeosha masufuria. Hakuna hata mmoja aliyekosekana. Hilo nililikuta mwenyewe, hakuniambia yeye.

Alinipa sungura wawili, jike na dume, wa kulipia shuka. Mama Zaina aliwatazama kwenye kikapu.

"Sungura si shuka."

"Anasema ilifunga miguu ya watu."

"Angeniomba. Ningempa na foronya." Akawachukua, akawatafutia majani.

Mariamu alikwenda kambini. Siku za kwanza nilikaa na kiti changu ng'ambo ya barabara, mbele ya lango lao, mpaka kijana mmoja daktari akaniletea chai na kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia naangalia. Akasema karibu, Mzee, uangalie.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu. Meza mbili za nyama sokoni, na friji moja inayofanya kazi umeme ukiwepo. Pikipiki. Ile baiskeli ya Kibombo, haina matairi. Kisu kile kile, kimekonda. Mke yule yule. Sungura wengi kuliko waliotoka kwenye kikapu. Binti mzalishaji Kibombo. Na bluzi moja nyeupe, ya mjukuu, jina kifuani kwa uzi wa bluu, imeanikwa kwenye kamba mbele ya nyumba, upande wa barabara.